Kazini, Juu ya Dungu

Watu hapa Ifakara wananiuliza, wengine kwa huruma na wengine kwa kejeli, nitarudi lini kazini. Nawajibu kwamba nipo kazini. Wanatikisa kichwa, wananitakia heri, wanapanda baiskeli zao na kuondoka. Nimechoka kujieleza kwa mmoja mmoja barabarani, kwa hiyo naeleza hapa mara moja, na baada ya hapa sitaeleza tena.

Kazi yangu ni kuandika maneno ya watu wengine. Watafiti wanazunguka vijijini na vinasa sauti, wanawauliza maswali yao wakulima, wavuvi na akina mama wenye watoto wachanga, kisha rekodi zinatumwa kwenye kampuni moja ndogo Dar es Salaam. Sisi waandishi tunavaa hedifoni, tunasikiliza, tunaandika kila kilichosemwa, hata kikohozi, hata pale mtu anaposita kabla ya kujibu. Mazungumzo ya saa moja yanaweza kumaliza siku nzima. Ni kazi ya masikio na vidole. Miguu haihusiki, na kwa mtu kama mimi hilo lilikuwa tatizo.

Maana mimi ni mtu wa kuhama. Nilimaliza kidato cha nne, nikaondoka nyumbani, na tangu hapo sikukaa mji mmoja zaidi ya miaka miwili. Nimepakua mizigo Tunduma. Nimeuza simu Makambako, nimechekecha mchanga wa dhahabu upande wa Geita. Mbeya nilichapa barua za watu kwenye duka la steshenari, na huko ndiko vidole vyangu vilikojifunza kukimbia. Kila mji niliupenda miezi sita ya kwanza. Baada ya hapo nilianza kuamka asubuhi nikiwa na hasira isiyo na sababu, nikajua muda wa kufunga begi umefika.

Dar nilikaa miaka mitatu, na nilikaa kwa sababu ya ile kazi. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, kwenye chumba chenye madirisha yasiyofunguka. Kiyoyozi kilielekezwa kwenye shingo yangu. Saa mbili kamili unaweka kidole kwenye mashine ya mlangoni, saa kumi na moja unakiweka tena. Ukichelewa dakika tano mashine inakumbuka. Nilikuwa nikisikiliza sauti za wakulima wakieleza mvua, huku mimi mwenyewe sijui kama nje kunanyesha.

Kisha bomba la maji likapasuka ghorofa ya juu, dari yetu ikaanguka juu ya meza, na meneja akatutangazia kwamba kila mtu achukue kompyuta yake, afanyie kazi anakoishi mpaka jengo litengenezwe. Meneja wetu ni dada mmoja mdogo kwangu kwa umri, makini, asiyependa maneno mengi. Wenzangu wakarudi vyumbani kwao Mbagala na Kimara. Mimi nikapanda basi la Ifakara. Hakuna aliyeniuliza nitakuwa wapi, nami sikumwambia mtu.

Nyumba ya mama ipo Kibaoni. Anaishi na dada yangu mkubwa, ambaye mume wake alifariki na mabinti zake wameshaolewa. Nilipoingia na begi pamoja na kompyuta, mama alinitazama mikononi kwanza, kisha usoni.

“Umefukuzwa?”

“Sijafukuzwa, mama. Nitafanyia kazi hapa.”

“Hapa wapi?”

“Hapa nyumbani. Kile chumba cha uani.”

“Kazi gani hiyo ya chumbani?”

“Ya kuandika.”

Akafikiri kidogo. “Basi usiwaambie watu. Tutasema unaumwa.”

Nilidhani anatania. Kumbe alishaamua. Siku ya nne nikiwa nimevaa hedifoni, nimejifungia na sauti ya mvuvi mmoja aliyekuwa akieleza namna anavyokausha samaki, mlango ukafunguliwa. Akina mama wa jumuiya waliingia wamevaa vitenge vyao vya sare, rozari mkononi, sura zimeandaliwa kwa majonzi. Walikuja kumwombea mgonjwa. Nyuma yao mama alikuwa akinikonyeza nijilaze kitandani.

Sikujilaza. Nikavua hedifoni, nikasimama, nikawaamkia wote shikamoo.

“Marahaba. Pole sana, baba,” akasema kiongozi wao. “Unasikiaje?”

“Namshukuru Mungu, mama. Siumwi.”

Jirani yetu, ambaye tangu utoto wangu hajawahi kukosa la kusema, akaja karibu akaichungulia kompyuta. “Huumwi? Sasa mwanaume mzima unafanya nini ndani saa nne asubuhi?”

“Kazi.”

“Kazi!” Akawageukia wenzake. “Wenzangu, tumepata mwali mwenye ndevu. Haya, tuulize anatolewa lini tushone vitenge.”

Walicheka mpaka wengine wakakaa kwenye kitanda changu. Kwetu mwali ni msichana aliyevunja ungo, anayefichwa ndani na kufundwa, asionekane na watu mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Kwa mwanaume wa miaka arobaini na tatu, tusi lilikuwa zuri, nami mwenyewe nilicheka. Ila walipomaliza kucheka waliomba vilevile, kwa vile walikuwa wameshafika. Walimwomba Mungu anirudishie kazi yangu iliyopotea. Nikaitikia amina, nikavaa hedifoni, nikarudi kwa mvuvi wangu.

Jioni nilimwambia mama asinipe ugonjwa tena. Akasema ugonjwa una heshima kuliko kukaa tu. Nikamwambia sikai tu. Akasema, “Wewe unajua hivyo. Mtaa haujui.” Jina la mwali lilinibakia. Watoto wa mtaani waliliimba wakipita dirishani, na dada alilitumia kila aliponiitia chakula.

Basi waliimba, nami niliendelea. Kila mchana nilikula chakula cha moto kwenye sahani, wali na perege au kambale, nimekaa kwenye mkeka na mtu mwingine. Miaka mitatu Dar nilikula kwenye kontena la plastiki nikitazama kisogo cha mwenzangu. Maumivu ya shingo yaliisha wiki ya pili. Nilijua siku gani ni ya gulio na siku gani mto Lumemo umejaa maji. Mama alipohitaji kupelekwa kliniki ya presha, nilimpeleka asubuhi na rekodi nikaimaliza alasiri, na hakuna mashine iliyokumbuka.

Kubwa zaidi lilikuwa la kazi yenyewe. Rekodi nyingi zinazotoka bonde la Kilombero zimechanganyika. Mtu anaanza kwa Kiswahili, akifika kwenye jambo linalomgusa anaingiza Kipogoro au Kindamba, kisha anarudi. Ofisini tulizoea kuandika kwenye mabano “haieleweki” na kusonga mbele. Kumbe tuliokuwa hatuelewi ni sisi. Rekodi ni siri ya aliyeongea, kwa hiyo sikumsikilizisha mama hata mara moja. Nilikuwa nikitoka chumbani na neno moja tu, limevuliwa nguo zote, nikamuuliza, “Mama, neno hili ni nini?” Naye bila kuacha kupepeta mchele ananiambia ni aina ya udongo unaobaki maji yakipungua, au ni namna fulani ya kununa. Nikarudi ndani, nikafuta mabano, nikaandika neno. Nitamwambia mtu yeyote, mbele ya meneja yeyote, kwamba karatasi zangu zilizotoka kile chumba cha uani ni bora kuliko zote nilizoandika kwenye kile kiyoyozi.

Nadhani mpaka hapa ningeweza kuendelea kimyakimya. Tatizo likaja na mpunga.

Kwetu mpunga hauji nyumbani. Nyumba ndiyo inayoufuata mpunga. Msimu ukifika familia zinafunga milango mjini, zinavuka mto na magodoro na sufuria na kuku, zinahamia mashambani bondeni. Huko kuna kibanda, kuna jiko, kuna majirani walewale wa mjini, na maisha yote yanahamia huko mpaka mavuno. Nilipokuwa mdogo sikuruhusiwa kwenda. Nilikuwa mwanafunzi, kwa hiyo niliachwa mjini kwa shangazi, kwenye nyumba iliyokuwa na kila kitu isipokuwa mama. Nikiwa darasa la nne nilianza kutoroka. Nilidandia baiskeli za watu wanaopeleka chumvi na sabuni mashambani, nikamkuta mama akipika nje, nikakaa siku tatu, nne. Nikirudi shuleni mwalimu alikuwa ameshaandika kwenye daftari la mahudhurio, mbele ya jina langu: mtoro. Nilichapwa mbele ya gwaride kwa kosa la kwenda kwa mama yangu. Sijui kama uzururaji wangu wote ulianzia pale. Ninachojua ni kwamba nilijifunza mapema kuwa dawati lipo mahali pamoja na watu wangu wapo mahali pengine, na kwamba ukilichagua hili, lile lingine linakuandika vibaya.

Msimu huu goti la dada lilikuwa limevimba. Mama, na miaka yake sabini na kitu, alikuwa anafunga godoro kama kawaida.

“Nani ataamia ndege?” nikamuuliza. Kuamia ni kukaa shambani kuanzia alfajiri mpaka jua linazama ukifukuza ndege wasile mpunga. Wakiachiwa, kundi moja linamaliza jasho la mwaka kwa siku mbili tatu.

“Mimi,” akasema mama.

“Peke yako?”

“Na dada yako atakaa kwenye kiti apige debe.”

Nikafungasha kompyuta, nikanunua sola ndogo na bando, nikavuka nao.

Mtandao bondeni haukushika kibandani. Haukushika njiani wala mtoni. Ulishika mahali pamoja tu, juu ya dungu, lile jukwaa la miti tunalojenga katikati ya shamba ili mwenye kuamia aone mbali. Kwa hiyo kazi zangu mbili zikakutana urefu wa watu wawili kutoka ardhini. Nilifunga kamba kutoka kwenye dungu kwenda pande nne za shamba, kila kamba ina makopo yenye kokoto, na juu ya mpunga dada alitandaza utepe wa kaseti za zamani, ambao upepo ukipita unavuma. Sikio la kushoto lilikuwa na hedifoni. La kulia niliwaachia ndege. Mguu wa kulia ulikuwa kwenye kamba. Nikisikia mlio nikavuta, makopo yakalia, ndege wakaruka, na mikono haikuacha kuandika.

Nilikuja kugundua kwamba ratiba ya ndege ni nzuri kuliko ya ofisi. Wanakula asubuhi, jua likiwa kali wanapumzika vichakani, kisha wanarudi alasiri. Kati ya saa nne na saa tisa bonde lilikuwa kimya kabisa, nami niliandika kama sijawahi kuandika maishani. Ile hasira ya asubuhi isiyo na sababu haikuja. Niliisubiri mwezi mzima. Haikuja.

Halafu meneja akaitisha mkutano wa mtandaoni. Saa kumi jioni, siku ya Ijumaa. Nilitaka kumwandikia kwamba saa hiyo ni ya ndege, lakini ningeeleza ndege gani, kwa mtu anayedhani nipo Dar?

Tulikuwa waandishi kumi na wawili. Niliizima kamera, nikasahau kuzima maiki. Meneja akaanza. Jengo limekamilika, akasema, dari ni mpya, kiyoyozi ni kipya, na kuanzia Jumatatu ya wiki inayofuata ile ijayo kila mmoja atarudi ofisini. Kazi ya nyumbani imekuwa na manufaa, ila usimamizi ni mgumu. “Kabla sijaendelea,” akasema, “kuna mwenye maoni?”

Hapo likatokea kundi upande wa mto. Lilikuwa kubwa, likijikunja na kujikunjua kama shuka linalokung'utwa, na likashuka moja kwa moja kwenye kona yetu. Kamba ya upande ule ilikuwa imekatika. Kutoka chini nikamsikia mama.

“Wewe! Huoni? Unaongea na nani huko juu, mpunga unaliwa!”

Nikasimama. Nilivyofundishwa ni kwamba ndege hafukuzwi kwa adabu. “Tokaaa!” nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote. “Tokeni hapa! Wezi wakubwa! Mmeshiba vya watu, ondokeni!” Nikavuta kamba zote tatu kwa pamoja, makopo yakaitika, dada akapiga debe, mama akapiga makofi na kupaza ile sauti yake ya juu ambayo hata mimi inanitisha. Kundi likanyanyuka.

Nilipokaa, mwenzangu mmoja kwenye kompyuta akashindwa kujizuia, akacheka, na wengine wakafuata.

“Kaka,” akasema meneja taratibu, “unamfukuza nani?”

“Ndege, madam. Samahani.”

“Ndege gani?”

“Wa kwenye mpunga.”

“Mpunga upo wapi?”

Ningeweza kusema upo kwenye televisheni. Wazo hilo lilinijia, sitalificha. Ila nilikuwa nimekaa pale nikiwa na jasho, mbele yangu shamba lote, na nikaona aibu kulikana.

“Nipo Ifakara, madam. Nipo shambani, bondeni. Nimekuwa Ifakara tangu siku dari ilipoanguka.”

Wakati huo mama alikuwa ameshapanda ngazi ya dungu, akatokeza kichwa. “Ndiye bosi wako huyo? Mpe nimsalimie.”

“Mama, hiki ni kikao.”

“Ndiyo nimsalimie kwenye kikao.”

Meneja alisikia sauti ya mtu mzima, na malezi yake yakamtangulia. “Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto hawajambo? Anafanya kazi huyu, nakuambia ukweli. Haniletei hata maji ya kunywa, anaandika tu. Usimgombeze kwa ajili ya ndege. Ndege wana nafasi yao, kazi ina nafasi yake.”

“Sawa, mama. Asante, mama,” akasema meneja. Nilisikia kwamba naye anajizuia kucheka. Lakini mama aliposhuka, sauti ya meneja ilirudi kuwa ya ofisi. “Kaka, mimi na wewe tutaongea pembeni.”

Alichoniambia pembeni kilikuwa kifupi. Sikuwa na ruhusa ya kuondoka Dar. Kazi yangu haina kasoro, hilo alikiri, lakini utaratibu ni utaratibu. Niripoti Jumatatu ile saa mbili kamili. Nisiporipoti itahesabiwa kuwa utoro kazini, na nafasi yangu atapewa mwingine.

Utoro. Miaka zaidi ya thelathini imepita na neno lilikuwa lilelile.

Mpunga ulikuwa ndiyo kwanza umeanza kuinamisha vichwa. Kufikia mavuno kulihitaji wiki tatu zaidi. Mimi nilipewa siku kumi.

Dada ndiye aliyekuwa na mpango. “Sema umefiwa,” aliniambia tukiwa tunakula. “Msiba wanakupa wiki nzima, na ukirudi wanakuchangia.”

“Nimuue nani?”

“Shangazi.”

“Shangazi si alishakufa?”

“Ndiyo uzuri wake. Hatakasirika.”

Tulicheka wote, hata mama. Lakini nilisema hapana, na dada akanuna. Aliniona najifanya mtakatifu. Haikuwa hivyo. Nimedanganya sana katika miji mingi. Ila nilikuwa nimeshachoka nyumbani kwetu kuwa mahali panapohitaji ugonjwa au maiti ili mtu aruhusiwe kuwepo. Mtaani walisema naumwa; ofisini nisingizie msiba. Mimi nilikuwa mzima, sikufiwa, na nilikuwa nafanya kazi. Nilitaka hilo liandikwe hivyo.

Kilichoniuma kuliko vyote kilikuwa mama. Siku mbili kabla ya ile Jumatatu nilimkuta kibandani akifunga mchele kwenye mfuko, ule mchele wa safari ninaopewa kila ninapoondoka. Hakuniuliza kama naondoka. Aliyajua mambo yangu.

“Nenda tu, baba,” akasema bila kuinua macho. “Sisi tumezoea.”

Nilipanda dungu na kumwandikia meneja barua pepe, nami naiweka hapa kama nilivyoituma, kwa sababu sioni cha kuifuta.

“Madam, salaam. Jumatatu sitakuja. Siumwi, sijafiwa, na sina udhuru wowote uliopo kwenye fomu yenu. Nipo kwetu na nafanya kazi. Rekodi zote ulizonipa nimezimaliza kabla ya siku yake. Naomba uzichukue zile za bonde nilizoandika ofisini na hizi nilizoandika huku, uhesabu mabano ya ‘haieleweki’. Kama usimamizi ni kuniona nimekaa, basi huku sitasimamiwa. Kama usimamizi ni kuisoma kazi, isome. Nikifukuzwa nifukuzwe kwa kosa lililoandikwa vizuri: alikaa kwao na kazi ikakamilika. Ahsante.”

Nikaituma kabla sijapoa. Kisha nikamwambia mama aurudishe mchele kwenye gunia. Aliushika ule mfuko muda mrefu kidogo, akaniuliza, “Watakula wapi wanao kama huna kazi?” Sina watoto, naye anajua. Ndivyo anavyosema anapokosa la kusema.

Jumatatu nilikuwa juu ya dungu kabla ya saa mbili. Ndege walikuja, nikawafukuza. Saa mbili kamili nikafungua kompyuta na kuandika nywila yangu, nikitegemea kukataliwa. Ilifunguka. Hakukuwa na rekodi mpya. Saa mbili na nusu simu ikaita.

“Kaka, uko wapi?”

“Nipo kazini, madam.”

Akashusha pumzi. Nyuma yake nilisikia kile kiyoyozi kipya, na ile mashine ya mlangoni ikimlilia mtu aliyechelewa. “Hujui unaniweka pagumu kiasi gani,” akasema. “Watu kumi na moja wamenizunguka asubuhi hii wananiuliza kwa nini wewe.”

“Waambie waulize pia kwa ajili yao.”

“Usiwe mjuaji. Na mimi nina wa kuniuliza.” Kisha akaongeza: “Mabano nimehesabu.”

“Na?” nikauliza.

“Nafasi yako siwezi kuishikilia. Mkataba wako wa mwezi hadi mwezi umeisha leo. Ninachoweza ni kukupa rekodi za huko kwenu, moja moja, ulipwe kwa uliyoandika. Hakuna likizo, hakuna kadi ya matibabu, hakuna chochote. Fikiria kwanza.”

“Nimeshafikiria. Nataka.”

“Hata hujauliza utalipwa vipi!”

“Nitauliza. Lakini nataka.”

Kadi ya matibabu iliniuma, sitajidai. Kwenye kadi ile mama alikuwa ameandikwa, na presha yake haikuisha kwa sababu mimi nimeshinda mabishano. Siku zake za kliniki sasa ni juu yangu, na kuna miezi ambayo rekodi hazitoshi. Wanaosema nimepoteza, wananihesabia hicho, na wana haki ya kukihesabu. Mimi pia nahesabu yangu. Ndege hawakula shamba letu. Dada hakushinda na goti lake juu ya dungu. Na msimu wote ule, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, nilikuwa mahali mama alipo na hakuna daftari popote lililoniandika mtoro.

Fomu ya mkataba mpya ilikuja tukiwa tumeshavuna. Tulikuwa bado bondeni, mpunga umeanikwa kwenye maturubai, na wingu lilikuwa linajikusanya upande wa milima. Niliijazia juu ya dungu. Jina, namba ya simu. Mahali pa kazi palikuwa na kisanduku kifupi. Nikaandika “Kibaoni, Ifakara, na wakati wa mpunga, bondeni,” na maneno yakatoka nje ya mstari, nikayaacha yatoke. Chini yake waliuliza msimamizi wa eneo la kazi. Nikaandika: mama yangu mzazi.

Nikamsomea kwa sauti kutoka juu.

“Wameniandika mimi?” akauliza.

“Wewe. Msimamizi.”

Akatazama wingu, akatazama mpunga. “Basi funga hilo dude lako ushuke,” akasema. “Shika turubai upande ule. Mvua haitakusubiri wewe umalize kuandika.”